Kona Ambayo Mama Hakuvuna

Kabatini kwangu kuna chupa ya chai nyekundu yenye maua meupe ambayo haishiki moto tena. Ukimimina chai asubuhi, ukienda kufungulia kuku na kurudi, unakuta maji ya kuoshea uso. Kifuniko chake nimekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Watoto wangu wameniomba mara nyingi niitupe, na mimi huwaambia watangulie kunitupa mimi. Kila mwaka mahindi yanapoanza kukauka huku Kiplombe, na ile harufu ya maganda makavu na udongo uliopoa ikaingia hadi ndani ya nyumba, mimi huitoa, nikaiosha na kuiweka mezani. Ninyi wa rika langu mliokulia mashambani kandokando ya Eldoret mnaijua harufu hiyo. Ni harufu ya shule kukaribia kufungwa, ya mikono kuwashwa na mabua, na ya akina mama kutafuta watu wa kazi. Kwangu mimi ilikuwa pia harufu ya Mungu, na hilo itabidi nilieleze.

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, tayari ametuzaa mimi na kaka yangu Kibet. Alikwenda ngumbaru, ile shule ya watu wazima, ambayo siku hizo ilifanyikia kanisani kwetu katikati ya juma, wanafunzi wakikalia mabenchi yale yale ya Jumapili. Alipoweza kuunganisha herufi hakutaka gazeti wala hadithi za sungura. Alichukua Biblia ya baba, akaifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akaanza. Kila jioni, ugali ukiwa bado haujasongwa, alisoma kidogo kwa sauti, kidole kikitambaa chini ya mstari. Neno likiwa refu alilikalia mpaka lilegee. Baba, ambaye alikuwa dereva wa trekta na mtu wa maneno machache, alikaa kando akipasha miguu moto na kumsikiliza mkewe kama mtu anayesikiliza redio.

Sasa, sote tunajua jinsi watu wanavyosoma Biblia wakianzia mwanzo. Mwanzo wanaimaliza kwa furaha. Kutoka wanakwenda nayo mpaka bahari igawanyike. Wakifika Walawi, pale penye mafigo na damu na magonjwa ya ngozi, wanaruka moja kwa moja hadi Zaburi wakapumzike. Mama hakuruka. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba huwa inarukwa. Alisoma kitabu cha Walawi kama mgonjwa anayesikiliza maagizo ya daktari, na kila alipokutana na jambo aliloona linaweza kufanyika Kiplombe, alilifanya.

Majirani walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Baadaye, alipofika Kumbukumbu la Torati, mahali panapokataza kumfunga ng'ombe mdomo akiwa kazini na nafaka, alivitupa vikapu vya kamba ambavyo kila mtu hufunga midomoni mwa ng'ombe wakati wa kupalilia kwa plau, wasile mahindi machanga. Msimu huo ng'ombe wetu walipalilia huku wakitafuna, na baba alitembea nyuma yao akitikisa kichwa. Alipofika pale panaposema anayejenga nyumba azungushie dari kizuizi mtu asianguke, alitoka nje akaangalia mabati yetu yaliyoinama, akaona hakuna mwendawazimu wa kutembea huko juu. Basi akaagiza kisima kizungushiwe ua wa mbao. Alisema maana ni ile ile, watu wasianguke. Hadi leo sijasikia mhubiri aliyelieleza andiko hilo vizuri kuliko ule ua wa kisima.

Lakini jambo la kwanza kabisa, na ndilo lililotuletea maneno, lilikuwa la kona. Jioni hiyo nilikuwa jikoni na wengine. Nilisikia mama akisoma kwamba mwenye shamba anapovuna asivune mpaka pembeni kabisa. Kisha nikatumwa kuni. Niliporudi na kuni kifuani, alikuwa anamalizia mahali ambapo Mungu anasema yeye ndiye Bwana. Ya katikati yalinipita nikiwa nje. Mtoto hujaza pengo kwa alichonacho, na mimi nikajaza: shamba letu lina kona ambayo ni ya Mungu, hatuivuni, yeye mwenyewe huja kuivuna.

Na mambo niliyoyaona baadaye yalinihakikishia. Shamba letu halikuwa kubwa, na upande wake wa chini ulipakana na barabara ya murram. Wakati wa kuvunja mahindi, mama aliacha ukanda mzima wa pembeni, pale barabarani, mabua yakiwa yamesimama na mahindi yake. Yale yaliyoanguka wakati wa kubeba hakuturuhusu kuyaokota. Kisha akatupa amri moja ambayo hakuieleza.

"Mambo ya huko chini muwachane nayo," alisema. "Huko kuna mwenyewe. Nisikie mtoto ameenda kuchungulia."

Kila asubuhi kwa siku kadhaa alijaza chai ya maziwa katika ile chupa nyekundu, wakati huo ikiwa mpya na yenye heshima zake, akatia sukari nyingi kuliko tuliyotiliwa sisi, akaiteremsha hadi kwenye kona. Aliiweka juu ya kigingi cha ua na kikombe amekifunika juu yake. Adhuhuri aliirudisha tupu. Mimi niliitikisa kuhakikisha. Na tulipoingiza ng'ombe shambani baada ya wiki chache, yale mahindi ya kona yalikuwa yameondoka yote, mabua yamebaki.

Ulitaka mtoto aamini nini? Mungu alikuja, akavuna, akanywa chai. Nilijua hata kwamba anapenda sukari. Jumapili moja mwalimu wetu wa Sunday school aliuliza Mungu anakaa wapi, na watoto wote wakajibu mbinguni. Mimi nikasimama nikasema ni kweli anakaa mbinguni, lakini wakati wa mavuno huwa anakuja kwetu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Sikujali. Kwao walikuwa na baiskeli, kwa wengine kulikuwa na televisheni. Kwetu alikuja Mungu. Nilitembea na kifua mbele mwaka mzima.

Halafu ukaja mwaka mbaya. Mvua ilikosekana mahindi yakiwa yanachanua, kisha ikarudi kwa hasira tukiwa tumeshayakata na kuyasimamisha kwa mafungu shambani yakauke. Ilinyesha bila kupumzika. Waswahili husema akiba haiozi, lakini mwaka ule ilioza. Tulipofungua mafungu tulikuta punje nyeusi na nyingine zimeanza kuota zikiwa bado kwenye gunzi. Harufu yake ilikuwa ya pombe iliyoharibika. Na tajiri aliyemwajiri baba akauza trekta, hivyo baba naye akawa yupo tu nyumbani. Hata mimi, niliyekuwa bado mdogo wa kuelewa mambo ya ghala, nilielewa jinsi mama alivyosimama mlangoni mwa ghala letu akihesabu magunia mara mbili. Chakula kile kisingefika hata katikati ya mwaka, na mahindi mapya kwetu hayaonekani mpaka mvua zipungue.

Kitu kimoja kilikuwa kimepona. Ule ukanda wa barabarani ulikuwa mahali palipoinuka kidogo, maji hayakutuama, na kwa kuwa haukukatwa, mabua yake yalikuwa yamesimama na mahindi yameelekea chini, makavu, mazuri. Yaani katika shamba zima, mahindi bora yalikuwa ya Mungu.

Baba mdogo alikuja siku iliyofuata. Alikuwa mdogo wake baba, mwanamume mwema mwenye sauti kubwa, na hakuja peke yake. Alikuja na mchungaji wetu, kwa kuwa alijua mama hatashindwa na mtu wa kawaida. Mimi ndiye niliyemimina chai, na kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama Kibet," baba mdogo alisema, "sisi hatujakataa kusaidia watu. Lakini wema usizidi uwezo. Mwaka huu vuneni yote."

"Nimevuna yangu," mama akasema.

"Na hiyo imesimama huko barabarani ni ya nani?"

"Unajua ni ya nani."

Nikaitikia kwa kichwa, birika mkononi. Mimi pia nilijua.

"Unalimia watu hata hatujui kwao ni wapi," akasema baba mdogo. "Wengine wanatoka huko Munyaka, kwa vyumba vya kukodi, wamekuja mjini juzi kutoka western. Si watu wetu."

"Hao ndio wametajwa," mama alijibu. "Maskini na mgeni. Kama ni watu wetu, hawangekuwa wageni."

Hapa mimi nilipotea kidogo. Sikuona wageni wa Munyaka wanahusianaje na Mungu, lakini mtoto hawaulizi wakubwa wakizungumza. Mchungaji akakohoa. Nataka nimtendee haki, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na wala hakumwambia mama uongo.

"Mama," alisema kwa upole, "sheria hiyo walipewa Waisraeli. Sisi tuko chini ya neema. Hakuna mtu atakuhesabia dhambi ukilisha watoto wako."

Mama alimwongezea sukari kwanza. "Nimekusikia, Mchungaji. Ninajua silazimishwi. Na wewe, kuna mtu anakulazimisha kulisha mama yako mzazi?"

"Hapana."

"Na unamlisha."

"Namlisha."

"Mwaka mbaya unamlisha ama unangoja mwaka mzuri?"

Mchungaji alicheka kidogo, akakubali kikombe cha pili. Baba mdogo akamgeukia baba, akamwambia yeye ndiye mwenye boma, aseme neno. Baba aliisogeza miguu yake karibu na moto.

"Shamba ni langu," alisema. "Lakini kitabu anasoma yeye. Mimi nilimpeleka shule mwenyewe, sasa nitamkataza kusoma?"

Mambo yakaishia hapo. Waliondoka, na mama akaenda kukamua ng'ombe bila kuimba kama alivyozoea. Nilimwona akifuta macho kwa bega, mikono ikiwa kwenye chuchu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na uhakika na huku analia.

Mimi usiku huo nilikasirika, na hasira yangu haikumwendea mama wala baba mdogo. Ilimwendea Mungu. Alikuwa na mbingu yote, na mashamba yote ya Uasin Gishu hadi Trans Nzoia, na bado alikuwa anangojea kile kikona chetu. Nikaamua nitakwenda kuongea naye, kwa adabu, kabla hajavuna. Hilo la mama la kutochungulia nililizungusha kichwani mpaka nikaona kwamba kuchungulia ni kujificha, nami sitajificha.

Asubuhi mama alipokwisha kuteremsha chai na kurudi, niliteremka. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabua na nyasi zililowesha miguu. Nilisikia sauti kabla ya kuona kitu, ile sauti ya hindi linapovunjwa kutoka kwenye bua, kavu na fupi. Nikasogea, na nikamwona mwanamke mwenye sweta ya kijani, mgongo wake kwangu, gunia limefungwa kiunoni. Kando ya kigingi alikuwa amekaa mtoto mdogo anakunywa chai ya Mungu katika kikombe cha Mungu.

Nilipata sauti kubwa kuliko niliyotarajia. "Hiyo mahindi ni ya Mungu."

Mwanamke akageuka. Alikuwa na uso mwembamba, wa mama tu wa kawaida. Hakukasirika.

"Najua, mtoto wangu," alisema. "Ndiye amenialika."

Jibu hilo lilinimaliza. Kama alikuwa ametumwa naye, basi ujumbe ungeweza kufika kupitia kwake. Nikasema yale niliyoyapanga kitandani. "Basi mwambie mwaka huu atuwachie kidogo. Yetu imeoza. Mama amelia."

Yule mama alinitazama, kisha akaangalia juu kuelekea boma letu, kisha akaangalia gunia. Akalifungua kutoka kiunoni. Aliniuliza mama yangu yuko wapi, akamshika mtoto wake mkono, akalibeba gunia hadi mlangoni mwa jikoni letu. Mimi nilimfuata nikijua nimekwisha.

"Hodi, mama," alisema. "Mimi ni Mama Nekesa, natoka Munyaka. Huwa nakuja kuokota hapa kwako na sijawahi kukusalimia, nisamehe. Mtoto ameniambia mlivyo. Chukua hii, mimi nitatafuta kwingine."

Mama alitoka na unga mikononi. Aliangalia gunia, akaniangalia mimi kwa jicho ambalo lilinihesabia fimbo zangu, kisha akamwangalia mgeni, na uso wake ukalegea.

"Mama Nekesa, nashukuru," alisema. "Lakini siwezi kupokea. Hiyo si yangu."

"Imetoka kwa shamba lako."

"Imetoka kwa kona. Kona si yangu. Nikichukua saa hii nimeiba, na nimeiba kwako. Keti kwanza, watoto wanywe uji."

Waliketi. Ndio wakati mama alipochukua Biblia, akanivuta karibu, akanisomea yale maneno yote, kidole kikitambaa, hata yale ya katikati yaliyonipita wakati wa kuni. Kwamba pembe za shamba ni za maskini na za mgeni. Nilisikia dunia yangu ikipungua. Baada ya majivuno yote yale pale Sunday school.

"Kwa hivyo Mungu huwa haji?" nikauliza.

Mama Nekesa alifunika mdomo kwa mkono. Mama hakucheka. "Nani amekuambia haji?" alisema. "Na chai yote huwa inamalizwa na nani?"

Ni Mama Nekesa aliyemwambia mama habari za Soy. Upande huo kulikuwa na shamba kubwa la mahindi ambalo mashine ilikuwa imeshapita, na mashine, tofauti na mikono ya watu, huangusha mengi. Kila mwaka akina mama walikuwa wakiruhusiwa kuingia kuokota kabla ng'ombe wa mwenye shamba hawajafunguliwa. Kulikuwa na trekta la kubeba mabua ambalo lingewapakia kwenye trela alfajiri. "Twende," alimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayejua anachokiomba ni kizito. Mke mwenye shamba lake, tena mzaliwa wa hapa, kwenda kuokota masazo pamoja na watu wa vyumba vya kukodi, lilikuwa jambo la kusimuliwa sokoni. Mama alifunga Biblia. Kisha akasema, "Nimesoma ya mwenye shamba. Ya muokotaji nayo imeandikwa humo humo. Twende."

Alinibeba nami, nadhani kwa sababu hakutaka niachwe nyumbani nikimtumia Mungu ujumbe mwingine. Trelani alikaa katikati ya wale akina mama, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Sikumwelewa wakati ule. Sasa naelewa kwamba alikivaa makusudi. Alikuwa anakwenda mahali alipoitwa na maandiko, na mtu haendi mahali kama hapo na kitambaa cha jikoni.

Tulipofika, bawabu hakutufungulia. Alisema mwenye shamba ametoa amri, mwaka huu nyasi hakuna, ng'ombe wanaingia moja kwa moja. Na kweli ng'ombe walikuwa wamesongamana upande wa pili wa ua, wengi, wakilia kwa njaa. Akina mama walianza kukunja magunia yao polepole bila kulalamika. Mwenye shamba mwenyewe alikuwa amesimama kando ya pickup yake na kofia kichwani, na mama akamtambua, nami nikamtambua, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa letu na kila Jumapili alikaa benchi la mbele.

Mama alitembea hadi kwake. Nilimfuata nimeshika sketi.

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Mama Kibet?" Alishangaa, akaangalia gunia. "Hata wewe uko na hawa?"

"Niko nao."

"Na wewe si uko na shamba?"

"Niko na shamba, Mzee, na kona yake nimewacha. Sasa nimekuja kuuliza kona ya huku iko wapi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, bila ukali, kama mtu anayeulizia njia. Mzee aliliangalia gunia tena. Upepo ulipiga maganda yakakimbia kwenye mitaro.

"Umewacha mwaka huu?" akauliza. "Huu?"

"Mwaka huu."

Alivua kofia akajikuna kichwa. Aliwaangalia ng'ombe wake, na mimi nilimwona akihesabu hasara moyoni, kwa maana ng'ombe wale walikuwa na njaa ya kweli. Kisha akamwita mchungaji wa ng'ombe. "Warudishe hao," alisema. "Watakula kesho. Wacha wamama waingie." Alipomaliza hakutazama upande wetu tena. Akapanda gari akaondoka.

Tuliokota mpaka jioni. Mama Nekesa alinionyesha kuchapa mafungu ya mabua kwa fimbo kwanza, nyoka atoke, ndipo mkono uingie. Nilimtazama mama akiinama na kuinuka katikati ya wale wanawake wote, kitambaa cha Jumapili kimejaa vumbi, na nilijisikia kama siku ile niliposimama Sunday school, ila safari hii hakuna ambaye angeweza kunicheka. Nilikuwa na mama ambaye alifanya lililoandikwa lilipomgharimu, na likamfungulia mlango wa kuomba bila aibu. Wengine walio karibu naye wakapita mlango huo huo.

Sitawadanganya kwamba gunia letu lilijijaza lenyewe ghalani. Ndugu zangu katika Kristo hupenda kumalizia hadithi hivyo, na mimi huwaachia. Miezi ya njaa ilikuja. Tulikula uji mwepesi, tukala mboga za sagaa na kunde mpaka tukazichukia, na Kibet alikonda shingo ikawa ndefu. Lakini tulifika. Yale ya Soy yalitufikisha mahali ambapo yetu yasingetufikisha, na mahindi mapya yalipoiva Mama Nekesa alikuja na mtoto wake tukachoma pamoja. Yule mzee wa benchi la mbele, tangu mwaka ule hadi alipozikwa, hakufungulia ng'ombe siku ya kwanza baada ya mashine kupita. Hakuwahi kutangaza wala kueleza sababu. Sisi tulijua.

Baba ametangulia sasa. Mama yupo, mzee, macho yake yamefunikwa na ukungu ambao madaktari wamesema hautaondoka. Nyumba yangu iko ng'ambo ya kisima, kile chenye ua, na jioni mimi ndiye ninayemsomea. Nikijaribu kuruka mahali hunishika, maana anajua kinachofuata. Kiplombe imebadilika. Barabara ya chini imewekwa lami, na kandokando yake wamejenga nyumba za kukodi na maduka. Mwaka jana watu walimjia Kibet wakitaka kukodisha ule ukanda wa barabarani wajenge vibanda, na kwa bei nzuri. Kibet, mwenye mvi zake sasa, akamletea mama habari. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo si yangu," alimwambia. "Muulize mwenyewe."

Kibet alicheka, akawarudishia watu jibu. Kona imebaki.

Juzi, asubuhi moja ya mavuno, nilikuwa nimemkalisha mama nje apate jua. Ukungu ulikuwa ndio unainuka. Nilikuwa nimejaza ile chupa nyekundu na kuiweka kando ya kiti chake nikitafuta viatu vyangu. Ghafla alinyoosha mkono ninyamaze. Kutoka huko chini, katikati ya kelele za bodaboda, kulikuja ile sauti kavu na fupi ya hindi linapovunjwa. Kisha nyingine. Nikachungulia, nikaona msichana asiyejulikana kwetu, leso imefungwa mgongoni, mtoto ndani yake, anavuna.

"Amekuja?" mama akauliza.

"Amekuja, Mama."

"Umeweka sukari?"

"Nimeweka."

"Basi kimbia," alisema. "Hiyo chupa haishiki moto."

Nikakimbia, mtu mzima na magoti yangu, chai ikinimwagikia mkononi.